Ukuta wa Shule ya Serikali

Mjukuu wangu Salma,

Huku Dubai hatujambo. Mama yako kahamia mtaa wa Al Jaddaf. Umeuliza kwa nini hatukuishtaki shule ya serikali, ukuta wake ulipomwangukia kaka yangu Unguja akafa. Jirani yetu wakili alimwambia baba yangu asubuhi ya mazishi, "Sheria inaikinga serikali isishtakiwe, ndugu yangu."

Kabla jeneza halijainuliwa, imamu aliuliza, kama ilivyo ada, nani anamdai marehemu. Nilikuwa nikichungulia dirishani.

Baba akajibu, "Hadaiwi. Leo yeye ndiye anayedai." Akamgeukia mwalimu mkuu wa shule ile, aliyekuja kuzika. "Ufa wa ukuta mliujua?"

Mtu akanong'ona, "Nyamaza, Mwalimu, utafukuzwa kazi."

Mwalimu akajibu, "Tuliujua, mzee wangu. Tukawaacha watoto wacheze pale pale."

Baba akamwambia, "Haya, shika jeneza, tukamzike."

Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako