Kanga za Chungwa Nyuma ya Kikapu

Jumamosi, 2 Machi 2002

Ukumbi wa chuo tena, mpira wa kikapu. Benchi letu lile lile, ukutani, nyuma ya kikapu. Wanawake saba, chupa mbili za chai ya tangawizi, visheti vya shoga yangu Zuwena. Upande wa pili mfagizi na watu wanne waliokuja kujikinga na jua. Mwanangu Nassor kafunga pointi kumi na sita. Nimepiga vigelegele mpaka refa akageuka. Na ageuke. Mwaka wa tatu huu tunakuja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuuliza kama tumechoka.

Tumeingia fainali. Sauti imenikauka. Raha tupu.

Jumatatu, 4 Machi

Fainali haitachezwa ukumbini. Itachezwa uwanja mkubwa wa mpira wa miguu. Wataleta sakafu ya mbao waitandike katikati ya majani. Mdhamini anataka maelfu ya watu, na televisheni.

Nimemwuliza Akinyi wa ghorofa ya juu, Mkenya, nesi. Alicheza kikapu chuoni kwao. Kasema Marekani wanafanya hivyo kila mwaka kwa timu za vyuo, watu wanakwenda na darubini. Nimemwambia hiyo ni kufanya harusi na kumweka biharusi mtaa wa pili.

Kiti cha karibu kabisa kitakuwa ng'ambo ya njia ya wakimbiaji. Siipendi habari hii hata kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Nassor kanifuata jikoni nikikuna nazi. Nikajua ana jambo, maana jikoni haji.

"Mama, nnakuomba fainali usije. Au ukija kaa juu kabisa, na vigelegele basi."

Wenzake hutuiga sisi mama. Katika chumba cha kuvalia wanapiga vigelegele kwa sauti nyembamba, wanatunga Kiswahili cha uongo, wanacheka. Ukumbini tulikuwa watu kumi na wawili. Uwanjani watakuwa maelfu, na kamera juu.

Nazi nimeikuna mpaka kifuu. Huyu nimemzaa hapa hapa Maskat, nikamlea kwa lugha ya mama yangu aliyezaliwa Unguja, na Kiarabu sikumnyima. Leo nimekuwa aibu. Imeniuma. Sitasema haikuniuma.

Nimempa jibu lake. Kigelegele hata kimoja hatakisikia. Kuja nitakuja.

Baba yake karudi kutoka kazini bandarini, kasema mtoto ana haya tu, itampita. Nimemwambia haya mtu humwonea mkwe, siyo mama.

Jumamosi, 9 Machi

Sokoni Mutrah baada ya kazi. Nimekatazwa sauti, sikukatazwa rangi. Timu yetu huvaa chungwa. Tumenunua sare, doti kumi na tano za kanga za chungwa: sisi saba, Akinyi, na majirani saba. Jina la kanga hatukulisoma hata, tulitaka rangi. Kwetu hakuna shughuli bila sare, na fainali ni zaidi ya harusi. Harusi mtu huweza kuwa nazo mbili.

Zuwena ana cherehani. Kaanza kupinda leo leo.

Nina hamu. Wakituweka hata mawinguni, Nassor atainua macho ataona chungwa.

Jumanne, 12 Machi

Balaa. Mdhamini kagawa jezi mpya. Nassor kaitoa kwenye mfuko: nyeupe na buluu. Chungwa wamepewa wapinzani.

Kanga zote zimeshapindwa. Dukani hazirudi tena, na mwenye akili zake hathubutu kuuliza. Zuwena anataka tuvae abaya nyeusi, tukae kimya. Wawili wameshajitoa. Kosa ni letu wenyewe, tumekimbilia dukani kabla ya kumwona biharusi kavaa nini.

Lakini sivui. Rangi hii ilikuwa yetu miaka mitatu, mdhamini hajui hata kikapu kina tundu ngapi. Nimempigia simu kila mmoja, nimegombana na watatu. Tutakwenda kumi na watatu.

Nassor sijamwambia. Hakuuliza.

Alhamisi, 14 Machi

Fainali imepita.

Tulipita Wattaya saa tisa, magari mapya yanang'aa kwenye vioo vya maduka, sisi kwenye basi dogo la mume wa Zuwena. Tulikaa juu kabisa kama nilivyoombwa. Watu wengi, ingawa nusu ya majukwaa ilikuwa tupu. Sakafu ya mbao kule chini ilikuwa kama sinia ya chai. Nassor nilimtambua kwa mwendo tu. Mpira unadunda kwanza, sauti inafika baadaye. Mwanamume mmoja nyuma yetu akauliza nani anaongoza. Hakuna aliyejua. Watu wanashangilia kwa kuwafuata wenzao. Hapana, huku si kutazama mchezo. Tulikuwa tunatazama umati, na umati unatutazama sisi.

Na Nassor anakosa. Mitupo huru minne, yote haikufika. Mtoto asiyekosa. Wote wanakosa, lakini wetu wamezidi. Mapumziko yanafika tuko nyuma kwa pointi kumi na tisa. Nilisema ni woga. Nilisema labda ni kosa langu, nimemtia uchungu. Akinyi akatikisa kichwa.

"Mama Nassor, hawa vijana hawana shida. Hiyo ring haina kitu nyuma, ni hewa tu mpaka kule mbali. Macho haipati mahali pa kushika. Hata sisi tulicheza hivyo siku moja, tukaaibika."

Ukumbini, nyuma ya kikapu pana ukuta. Na kwenye ukuta tupo sisi.

Nikasimama. Sikumwomba mtu ruhusa. Tukashuka wote kumi na watatu, ngazi baada ya ngazi, goti langu likilalamika. Chini pana kamba na mlinzi. Ng'ambo ya kamba, juu ya majani, waliweka viti kwa ajili ya wageni wa wapinzani, nyuma ya kikapu ambacho vijana wetu wangekirushia kipindi cha pili. Viti vingi vitupu. Mlinzi akatazama kanga zetu, akatazama jezi za chungwa, akasema kwa heshima, "Tafadhali, khalti," yaani mama mdogo, akafungua kamba. Sikumdanganya. Hakuniuliza.

Hatukukaa. Tulisimama bega kwa bega. Akinyi alituonya tusitikise hata kidole, maana wanaosimama nyuma ya kikapu hutikisa mikono ili kumkosesha anayerusha. Sisi tuwe ukuta tu.

Nassor akaja kwenye mstari wa mitupo huru. Akainua macho akaniona. Mama yake, kajitanda rangi ya wapinzani, mbele ya kamera. Uso ulimbadilika, nikauona vizuri, maana sasa nilikuwa karibu. Na mimi nikamkazia macho. Akadundisha mpira mara tatu. Ukaingia. Wa pili ukaingia. Jukwaa la chungwa likatupigia makofi, likidhani tumekwenda kumtisha.

Hapo wakaanza kufunga, yeye na wenzake. Upande wa pili wapinzani walikuwa wanarushia hewani, hawana wa kuwasimamia. Kumi na tisa zikawa kumi na moja, zikawa sita. Kigelegele kilinipanda kooni sijui mara ngapi. Nimekimeza. Nassor aliposawazisha nilijaza kanga mdomoni. Zuwena alikuwa analia bila kujificha. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilikuwa na furaha.

Tumefungwa kwa pointi mbili.

Mwisho Nassor alitupita na wenzake, kichwa chini. Mlinzi alikuja kutupongeza kwa ushindi. Tukamshukuru.

Sijuti. Ahadi niliyotoa nimeitimiza, na nisiyoitoa sidaiwi. Akitaka kununa na anune. Goti limevimba, nimelipaka dawa.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi. Nassor kanywa chai kasimama, kaondoka na baba yake kwenda msikitini. Nimepika pilau, sikuwa na hamu ya kitu kingine.

Baada ya sala karudi na vijana wanne wa timu. Hajapata kuwaleta hapa. Kawakalisha kwenye busati, kawaambia kwa Kiarabu kwamba huyu ndiye mama yangu, ndiye aliyesimama nyuma ya kikapu. Halafu mbele yao, kwa Kiswahili, kama tunavyosema kila siku: "Mama, kachumbari ipo?"

Nikaileta. Hawakucheka. Mmoja kasema kwa adabu kwamba kipindi cha pili kikapu kilionekana kimesogea karibu. Wamekula kwa raha.

Kapteni wao ni kijana mrefu. Nilipokuja na sahani ya pili akasema chini chini, kwa Kiswahili cha kwetu, "Na mie nnaomba kidogo, mama."

Wenzake wakamgeukia, Nassor wa kwanza. Miaka mitatu wanacheza pamoja, na huyo, Nassor kaniambia baadaye, ndiye aliyekuwa akiongoza kuiga vigelegele. Kwao Ghubra. Mama yake kazaliwa Wete, Pemba, nyumbani hawasemi ila Kiswahili. Nikamwuliza mbona mama yake sijamwona ukumbini hata siku moja. Kasema alimwambia asije.

Mama huyo hajapata kumwona mwanawe akicheza. Hata jana alikuwa nyumbani.

Nikamtilia pilau, nikachagua nyama nzuri. Kisha nikachukua kalamu nikamwomba nambari ya simu ya kwao. Akanitajia, tarakimu moja moja, macho kayaelekeza kwenye sahani.