Lango la Nne

Skelbrough,
Jumatano, 21 Aprili 1999

Kaka Clive mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani, zangu kwanza, kisha za Baba na Mama. Vipi Bristol? Noreen hajambo, na kifua cha Megan kimetulia? Mama ananiuliza kila siku kama mnamvalisha ile sweta aliyomfumia. Nimemhakikishia kwamba haivuki wiki bila kuvaliwa, kwa hiyo ukipiga simu usiniumbue. Sisi wazima. Goti linamsumbua Baba ngazini, lakini ukimtajia mkongojo anakutazama kana kwamba umemtukana. Mimi nipo likizo, nasomea mitihani ya mwisho, au tuseme nakaa na vitabu mbele yangu.

Bila shaka umesikia kwamba uwanja wa Garth Lane umeuzwa na wanakuja kuujengea maduka. Mechi ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe nane Mei. Mji mzima umeingiwa na wazimu. Juzi nilimkuta yule muuza nyama wetu akipiga picha choo cha wanaume, kile cha bati kisicho na paa, huku machozi yanamlenga. Nilimwuliza kulikoni. Akaniambia nimwache, amekojoa pale miaka arobaini.

Chuoni wenzangu huniuliza imekuwaje mtu anayesoma falsafa awe mtumwa wa timu ya daraja la chini kabisa. Huwasimulia tarehe saba Januari 1984. Nimeisimulia mara nyingi hadi imelainika kama jiwe la mtoni, ila wewe sijakusimulia hata mara moja, na hujawahi kuniuliza. Naomba uisome yote, hata ukikasirika katikati.

Unakumbuka ilikuwa raundi ya tatu ya Kombe, na wale wakubwa kutoka London walikuwa wanakuja kwetu, na tikiti yako ikapotea. Nyumba ilipekuliwa hadi chini ya zulia. Baba alikukagua mifuko, akakuvulisha viatu. Halafu akasema ile kauli, kwamba mtu asiyeweza kutunza karatasi hawezi kutunza kitu chochote duniani, akanitupia koti langu.

Kwenye lango la nne, nyuma ya kile kigeti cha chuma kinachozunguka, alikuwepo Bwana Pickersgill. Desturi unaijua kuliko mimi. Mkubwa hukatiwa tikiti, na mtoto asiyepita kiuno cha baba yake hunyanyuliwa juu ya chuma bila tikiti, Bwana Pickersgill akitazama dari. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na miguu kama ngazi. Mimi nilikuwa na saba. "Vipi, Stan," alimwuliza Baba, "umebadilisha mtoto? Huyu wako au umemwokota njiani?" Baba akajibu kwamba yule mkubwa ni kichwa maji, kapoteza tikiti. Kisha akanishika makwapani, nikapaa. Kwa kitambo kidogo sikuwa nje wala ndani, na chini yangu palikuwa na kofia ya Bwana Pickersgill na vipande vya tikiti vilivyotapakaa kama mchele.

Nilisimama juu ya kigoda ambacho Baba alikuchongea wewe, chenye herufi C, kwenye kile chuma mlichozoea kuegemea. Pembeni yangu alikuwepo Bi Hepworth wa duka la uzi. Kila mpira ulipomfikia winga wetu alimpigia kelele, "Kimbia, we gogo! Bibi yangu yuko kaburini na anakushinda mbio!" Kisha ananigeukia kwa sauti ya kanisani na kunimegea pai yake. Dakika ya themanini na nane yule gogo akampita beki, akakata ndani, akapiga. Wavu ulitikisika kabla sijajua mpira uko wapi. "Nilisema mimi!" Bi Hepworth akalia. "Si nilisema? Kijana huyu ni dhahabu!" Baba alinibana hadi kofia yangu ikaanguka, na uso wake ulikuwa umelowa. Sikujua kwamba Baba ana machozi. Ni hapo nilipokuwa wa timu hii, Clive, na tangu siku hiyo imenilipa kwa miaka kumi na mitano ya kufungwa kwenye mvua, nami sijawahi kuwaza kuondoka.

Tuliporudi ulikuwa jikoni. Redio ilikuwa imezimwa, lakini sikio lako moja lilikuwa jekundu kwa kuligandamiza pale. Ukaniuliza goli lilikuwaje. Nikakueleza, nikakuonyesha kwa mguu wa kulia. "Hapana," ukasema, "kapiga kwa kushoto. Redio imesema." Ukapanda chumbani kwako. Hukurudi Garth Lane tena. Ulisema mpira ni upuuzi, na Baba akasema basi, kama ni upuuzi, ubaki nyumbani. Miaka yote hiyo, mtu wa Skelbrough akikutana na mwenzake humwuliza, "Siku ile ulikuwepo?" nami nilikuona ukihama chumba swali hilo likianza. Hata kwenye harusi yako Baba alisimama na bilauri yake akamwonya Noreen asikupe cheti cha ndoa ukitunze. Watu walicheka. Ulitoka nje kuvuta sigara, na wewe huvuti sigara.

Clive wetu, hukuipoteza. Uliiweka pale pale ulipomwambia Baba, kwenye mkebe wa chai juu ya meko. Niliichukua mimi, Ijumaa, ulipokuwa unaoga.

Kwa muda mrefu nimejidanganya kwamba nilitaka tu mbaki nyumbani na mimi. Si kweli. Kila Jumamosi mlirudi na mashavu mekundu, mkinuka siki na tumbaku, mkiongea lugha yenu wawili, na nikiomba kwenda Baba alisema hadi nikue. Halafu wiki ile nilimsikia akimwambia Mama kwamba watoto wadogo hawahitaji tikiti. Nilielewa vizuri sana. Nilikuwa na miaka saba, na nilipiga hesabu kama mtu mzima. Niliificha kwenye jalada la kitabu changu cha ramani, na kitabu hicho nimekibeba hadi chuoni. Sikuwahi kuweza kuitupa wala kuitoa. Kila kitu ninachokipenda kuhusu timu hii kilianza mahali palipokuwa pako.

Jumapili iliyopita nilimwambia Baba, tukiosha vyombo. Aliendelea kufuta sahani ileile hadi nikaogopa itatoboka. Mwishowe akasema, "Na nilimvulisha viatu." Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alitoka akaenda kibandani, akarudi na kigoda chako, akakaa kukisugua kutu kwenye misumari. Jana akavaa koti na kutoka, na goti lake lile, bila kusema anakwenda wapi.

Alikwenda kwa Bwana Pickersgill. Mzee bado anashika lango la nne, na siku hiyo ya tarehe nane ndiyo atakayomalizia kazi. Baba alimwuliza kama tikiti ya mwaka themanini na nne bado inaingiza mtu. Bwana Pickersgill akataka kujua imekatwa au haijakatwa. Baba akamwambia haijakatwa. "Basi mtu huyo kachelewa tu," akasema, "mwambie aje."

Imo humu ndani ya bahasha. Sikuombi unisamehe kwa barua. Baba naye ana neno lake kwako, lakini unamjua, halitatoka kwenye simu. Anasema tu mje na Megan, na kwamba goti ni goti, mikono yake haina tatizo, yule bado hajapita kiuno.

Nisalimie Noreen sana, na Megan mbusu kwenye kipaji cha uso. Mama anaongeza kwamba sweta ije pia.

Nitakuwa upande wa ndani wa kigeti, nawasubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Rosalind