Mkazi wa Nyumba ya Sita

Jumatano jioni.

Nimecheka mazikoni, Mungu anisamehe, na aliyeanza kuchekesha ni mama wa marehemu mwenyewe.

Jana Agnesi aliniita tupange maziko ya mwanawe Yosefu, aliyeishi siku nne. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wazazi wote: kaburi dogo, sala fupi, baba ambebe mwenyewe. Akaniuliza jambo moja tu. "Katekista, watu watasema nilizaa, au watasema sikuzaa?"

Nikarudia tu habari za sala fupi. Miaka yote hii ya kazi, na bado...

Tena nilimhofia balozi wetu wa nyumba kumi. Hakuna msiba asiohutubia, aanze na uhuru amalizie na mbolea. Nikamsihi, "Mzee, kesho ni mtoto mchanga. Fupisha." Akanuna. "Unanifundisha ubalozi?"

Leo kaburini akasimama na daftari lake la wakazi. Nikafumba macho.

Akasoma: "Nyumba ya sita. Yosefu, mwana wa Matiasi na Agnesi. Mkazi." Akalifunga. "Nimemwandika kwa wino. Jembe hakushika, lakini ni wetu."

Mara Agnesi, machozi yakimtiririka: "Na hajakubishia hata siku moja, balozi. Wa kwanza nyumba ya sita!"

Balozi akajibu, "Kweli, hakumfuata baba yake."

Hata Matiasi alicheka.

Tulipoagana, Agnesi hakuniuliza tena lile swali. Ahsante, Bwana.

Kesho nitakwenda kumwomba balozi radhi. Atanihutubia, namjua. Nitakaa nimsikilize mpaka mbolea.