Kokoto kwenye kiatu cha Baba

Ndugu yangu, pokea taarifa rasmi ya aibu. Zile kokoto tunazowatilia wenzetu viatuni bwenini? Wiki mbili zilizopita nilimtilia Baba moja.

Nikasimama mlangoni nimwone akiruka. Hakuruka. Akaenda kazini, akashinda nayo siku nzima. Siku nzima, ndugu yangu.

Nilijua ana kisukari. Nilidhani ni habari ya chai isiyo na sukari tu.

Leo muuguzi kamvua soksi. Kidonda cheusi. "Mzee, miguu yako imekufa ganzi, na ngozi haifungi tena. Kidole hiki kitakatwa."

Baba akacheka: "Kiatu kitapwaya."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, kuanzia leo uwe unanikagulia viatu."

Nikaitika. Mdomo wa kumwambia sina tena.