Kwa Manju, Aliyelipigania Paa la Tooting

Shoga yangu Manju,

Kwetu mtu akifa tunajua pa kumfuata. Unakwenda makaburini, unachuchumaa karibu naye, unamsomea, kisha unampa habari za watu. Wewe wenzio walikupeleka kwenye moto, na juzi binti yako Hansa akayachukua majivu akaenda nayo mtoni pamoja na maua. Nilikwenda naye. Maji yalikuwa ya kahawia, hayana haraka. Maua yakazungukazunguka pale pale kama hayajaamua, kisha yakaondoka. Tangu hapo sijui nikutafute wapi. Ndipo nikaona nikuandikie, na nikuandikie kwa Kiswahili, maana mimi na wewe hatukuwa na lugha nyingine, hata tukiwa dukani Waingereza wanatukodolea macho.

Siku hizi naota mchana, Manju. Nakaa kwenye kiti changu cha dirishani, chai inapoa, macho yananielea, mara nipo kwenye chumba kile cha juu nyumbani kwako. Kila kitu ni buluu. Mikono yangu buluu, shuka buluu, na wewe umesimama mlangoni na uso wa buluu, unacheka.

Hansa akija kwangu kunitazama hajui kwa nini natabasamu usingizini. Alikuwa mdogo mno wakati ule. Acha nikukumbushe mambo yetu, na yeye akitaka atayasoma. Kiswahili anakielewa vizuri, ingawa ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Tulikutana sokoni Tooting, mwaka wenu wa kwanza hapa Uingereza. Mimi nilikuwa nimetoka Unguja kabla yenu, peke yangu, nalala leo kwa huyu kesho kwa yule, nafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Wewe ulikuwa mbele yangu umeshika muhogo. Ulimwuliza muuzaji bei kwa Kiingereza cha adabu, kisha ukajisemea chini chini, "Muhogo gani huu, ulikufa zamani." Nilicheka mpaka nikashika meza. Ukageuka, ukaniona na mtandio wangu, ukauliza, "Wewe wa wapi?" Nilipokwambia, ukanishika mkono kama tulipotezana jana. Ukasema wewe wa Tanga, umezaliwa Tanga, bibi yako alizaliwa Tanga, na sasa upo hapa unanunua maiti ya muhogo.

Wiki ile ile nikahamia kwenu. Nilitaka kulipa kodi. Ukasema, "Ulipe nini? Chumba chenyewe kimejaa masanduku. Utanisuka nywele." Nikalala katikati ya masanduku yenu ya Tanga, yamefungwa kamba, hayajafunguliwa hata moja. Mumeo Jayanti hakutaka yafunguliwe. Serikali ilipowachukulia nyumba ya Tanga hakusema neno, alifunga vitu akaondoka. Na hii ya Tooting, ingawa mliinunua kwa jasho, yeye kiwanda cha biskuti, wewe cherehani mpaka vidole vikavimba, aliishi humo kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake stesheni.

Kisha ikaja ile dhoruba. Jumapili, mchana kweupe. Mimi nilikuwa kazini. Tulisikia upepo unavuma kwenye mabomba ya dobi kama mtu anapuliza chupa, na niliporudi mtaa wetu ulikuwa umejaa matawi na vipande vya vigae. Nikapanda ngazi mbio. Juu ya kitanda changu palikuwa na shimo, na katika shimo palikuwa na mawingu yanakimbia. Dari yote ilikuwa imelala kitandani, nyeupe, imeloa kama uji. Na wewe ulikuwa umesimama juu ya kitanda hicho, sari umeifunga kiunoni, umeshika sufuria kubwa ya harusi kukinga maji. Kanga zangu zote ulishazitoa. Picha ya mama yangu ulishaitoa. Masanduku yenu yalikuwa bado yananyeshewa. Ukaniangalia ukasema, "Rukia, njoo uone. Tumepata dirisha jipya."

Kesho yake fundi mmoja wa Ireland akaja kufunga turubai la buluu juu ya paa, na ndipo rangi ile ikaanza. Jua likitoka, kidogo tu, chumba kizima kinajaa buluu, na upepo ukipita turubai linapumua, linapanda na kushuka. Nililala humo humo, kwenye godoro la kuazima. Nilikuwa naamka sijui kama nipo juu ya maji au chini yake. Wallahi, sikuwahi kulala vizuri hivyo tangu niondoke kwetu.

Wewe ulikuwa na kazi nyingine. Nyumba ilikuwa na bima, mlilipa kila mwezi bila kukosa, na ulitaka bima ifanye kazi yake. Ulipiga simu kampuni siku ile ile. Ulimwomba jirani mwenye kamera apige picha kabla hatujafagia. Kisha ukatoka bustanini na kapu, ukaokota kila kigae kilichoanguka, kizima na nusu, ukavipanga ndani ya bafu. Jayanti alipouliza tutaoga wapi, ukamwambia, "Kwa kopo, jikoni, kama watu." Ukakataza visiguswe mpaka kampuni ije ivione kwa macho.

Mkaguzi wa bima alikuja na buti safi. Hakwenda bafuni. Alitazama paa kutoka barabarani, akatazama chumba changu kutoka mlangoni, akaona kitanda, mswala, viatu vyangu. Akauliza, "Nani analala hapa?" Ukamjibu, "Rafiki yangu." Akaandika kitu.

Majibu yakaja. Kwanza walisema paa lilikuwa bovu, limechakaa, na uchakavu haulipwi. Pili walisema mmepangisha chumba bila kuwaambia, kwa hiyo hata kama ni upepo, bima hailipi. Jayanti alisoma, akakunja ile karatasi vizuri, akaiweka chini ya redio. Akasema pole pole, "Rukia akakae kwa watu kidogo. Tutasema kile chumba ni stoo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na mimi nilimwelewa. Alishaona mara moja nyumba inavyoondoka, hakutaka kuwaudhi wenye karatasi.

Basi nikafunga mzigo wangu mchana ule, wewe ukiwa jikoni. Sikukuaga kwa sababu nilijua utafanya nini. Nilikuwa tayari nipo kituo cha basi, naliona basi linakuja kule mbali, niliposikia kandambili zinapiga lami. Ulikuja mbio kwenye baridi bila koti, mikono yote unga. Hukuuliza naenda wapi. Ukashika mpini wa sanduku langu ukasema, "Unanifanya mwongo?"

Nikasema nataka nyumba yenu ipone.

Ukasema, "Ukiondoka leo, wao wataona kweli ulikuwa mpangaji na nimekuficha. Mimi nimewaambia wewe rafiki yangu. Sasa kaa uwe rafiki yangu." Ukavuta sanduku upande wako. "Tanga nilinyamaza, Rukia. Nilimsikiliza Jayanti, nikanyamaza. Hapa sinyamazi."

Basi likafika, dereva akafungua mlango, akatutazama wanawake wawili wanavutana sanduku wanalia, akafunga mlango akaenda zake. Bado naliona basi lile, jekundu, linayeyuka ndani ya ukungu.

Baada ya hapo ulikuwa mtu mwingine. Ulipiga simu kila asubuhi kabla ya kushika cherehani, unataja jina la uliyeongea naye jana. Ulimwomba yule fundi wa Ireland aandike alichokiona juu ya paa siku aliyofunga turubai. Ulipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani mwingine kapoteza vigae, na mzee Mwingereza wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwahi kutujibu salamu, akasema yupo tayari kusema aliuona upepo ukiling'oa paa lenu. Na kampuni ilipozidi kukuzungusha, ukanichukua tukaenda ofisini kwao mjini. Tulikaa pale mapokezi na chapati zetu kwenye kitambaa, wewe na sari yako na sweta la kijani, mimi na mtandio wangu. Watu walipita wakituangalia kama vyombo vilivyosahauliwa na wahamaji. Hatukuondoka. Jua likasogea kwenye zulia lao, likafika miguuni petu, likapita.

Mwishowe bwana mkubwa akatuita. Alikuwa na sauti ya upole, amechoka. Akaniuliza mimi, "Unalipa kodi?" Nikasema silipi. Akakugeukia wewe. "Sasa huyu anakupa nini?"

Nilidhani utasema kusuka nywele. Ukamwambia kwa Kiingereza chako cha adabu, "Ananipa mtu wa kuzungumza naye."

Yule bwana alivua miwani akaifuta. Nadhani hapo ndipo jambo lilipogeuka, ingawa hakutuahidi chochote ila kuleta mkaguzi mwingine.

Huyo wa pili alikwenda bafuni. Alipiga magoti kwenye marumaru, akatoa kigae kimoja kimoja, akatazama palipovunjika. Hapo palikuwa safi, pekundu, hapana ukungu wa zamani, na matundu ya misumari yamechanika upya. Akasema hivi havikuoza, vimeng'olewa. Ulinikanyaga mguu kwa furaha mpaka nikapiga kelele.

Wakalipa paa, wakalipa na dari. Kitanda changu na vitu vyangu hawakulipa. Walisema kwa kuwa mimi si wa familia, mali yangu haimo. Hapo ulitaka kuanza vita upya, mimi nikasema basi, Manju, imetosha, na ukaninunia siku kadhaa. Uliniona mvivu. Labda ulikuwa na haki. Mimi niliona tumeshapata kilichokuwa kinatafutwa.

Siku turubai lilipoondolewa nilihuzunika, sikukwambia. Chumba kilirudi cheupe, cha kawaida. Lakini jioni ile nilisikia kishindo juu, nikapanda, nikamkuta Jayanti ameketi sakafuni na kisu, anakata kamba za masanduku. Alitoa birika la shaba, akatoa mapazia, akatoa viatu vya Hansa ambavyo vilishakuwa vidogo. Vingine vilikuwa vimeota ukungu kwa mvua ile. Alikuwa anavipanga vyote juu ya mbao, anauliza kama anajiuliza mwenyewe, "Hiki tukiweke wapi?" Wewe ulisimama nyuma yangu, umeweka kidevu begani kwangu. Tulimwacha aulize.

Sasa nikupe habari za nyumbani kwako.

Hansa anajikaza. Amegawa sari zako, mimi amenipa ile ya kijivu, nimeilaza kwenye mto. Paa halivuji. Na Jayanti, Manju, Kiingereza kimemtoka chote. Mlipokuwa wawili hatukuona, kwa kuwa wewe ulimjibu kwa lugha yoyote. Sasa wauguzi wanakuja kumwogesha, wanamsemesha, anawatazama tu. Hansa alimwambia mara nyingi kwamba umefariki, kwa Kiingereza, kisha kwa Kigujarati chake kidogo. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, halafu anauliza tena upo wapi, chai yake ipo wapi.

Juzi baada ya kutoka mtoni nilikaa karibu naye. Akaniuliza kwa Kiswahili, wazi kabisa, sauti ile ile ya zamani, "Rukia, Manju yuko wapi?" Nilitaka kumwambia umekwenda sokoni. Ulimi ulikuwa tayari. Nikakukumbuka, nikashindwa. Nikasema, "Manju amefariki, shemeji."

Alinitazama. Kisha alilia, Manju. Alikulilia kama inavyostahili, kwa sauti, ameshika mkono wangu, na Hansa akaja mbio kutoka jikoni akapiga magoti, wakalia pamoja. Alipotulia hakuuliza tena. Jana pia hakuuliza. Alisema tu, "Kaa kidogo, tuzungumze."

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Maadamu miguu yangu inanibeba, nitakuja kila siku nizungumze na mumeo, habari za Tanga, habari za bei ya muhogo, chochote anachotaka. Hatakaa kimya ndani ya nyumba yake.

Pumzika, shoga yangu. Mimi navaa koti, naenda kwake.

Wako,
Rukia