Mtunza Funguo wa Mjomba

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, kaa vizuri kwenye kiti, maana barua hii imetoka kwenye kichwa ambacho, kama wakubwa wangekuwa na akili, kingekuwa kimeshakatiwa bima. Ndiyo, mimi. Yule yule uliyemwacha akitafuna chaki. Siku hizi nasoma darasa la jioni, na nikikohoa tu wenzangu wanaandika.

U hali gani? Koo linaendeleaje tangu ule upasuaji? Mama anasema sauti imegoma kurudi, na hapo kwa binti yako unaongea kwa kugonga kijiko mezani: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mimi ningegonga mpaka meza iombe talaka. Sisi huku wazima, na Mama anakusalimu sana.

Sasa hoja. Mchana napiga pasi kwa dobi. Kola zangu zinasimama zenyewe kama askari. Lakini sitaki kuzeeka na mvuke usoni. Chuo cha umeme wamekubali kunipokea, ila wanataka cheti, na cheti kimekwama kwenye somo moja: Fasihi. Nikifaulu mwezi wa sita, naondoka hapa. Nikifeli, nabaki na mashati ya watu.

Tunasoma ile tamthilia ya zamani, ya Mfalme na Mtunza Funguo. Mtu amemtumikia mfalme tangu ujana, hajaiba hata mshumaa, halafu usiku mmoja anawafungulia adui lango na ukoo mzima unateketea. Kila mwaka mtihani unauliza: kitu gani kilimsukuma? Mwalimu ameandika ubaoni: tamaa, wivu, kisasi. Nikauliza, tamaa ya nini, na hakuchukua hata senti? Akasema nikae.

Mama ananiambia wewe ulimcheza huyo mtu miaka na miaka, mpaka watu walikuwa wanavuka barabara wakikuona. Mbona ulinificha? Niambie, mjomba. Alitaka nini?

Mpwa wako,
Profesa wa Kola


14 Machi

Mpwa wangu mtundu,

Marahaba. Nimecheka, na kicheko changu siku hizi kinatoka kama pampu ya baiskeli, binti yangu akaja mbio akidhani napaliwa. Koo haliumi tena. Sauti ndiyo hivyo, ilibaki kwa daktari. Mshukuru Mungu mkono bado unaandika.

Tangu nitoke jukwaani hakuna aliyeniuliza habari za Mtunza Funguo. Watu huuliza dawa nimekunywa saa ngapi.

Mwaka wa kwanza nilimcheza kwa kukunja uso na kukoroma. Ukumbi ulicheka. Mwaka uliofuata nikaacha kumchukia, nikaanza kuitazama siku yake. Huyu anashika funguo za jumba zima, lakini analala wapi? Kwenye kibanda, nje ya lango. Karamu ikiwepo anawafungulia wageni, wanapita na manukato yao, kisha anafunga. Na akishafunga, yeye yuko upande wa nje.

Nilipolijua hilo, sikuhitaji kukunja uso tena. Naingia taratibu. Napaka mafuta bawaba za lango, polepole, kama mama anayempaka mtoto mgongoni, lisije likalia. Nafuta ufunguo kwa pindo la joho. Halafu nasema, bila hasira: "Nimewafungulia wote. Hakuna aliyewahi kuniambia, nawe pita." Kisha nafungua.

Hakuna aliyecheka tena. Siku moja mama mmoja wa safu ya mbele alivua kiatu akanirushia, kikanipata sikioni. Sijawahi kupewa tuzo nyingine.

Kitabu unacho? Changu kilipotea zamani. Kisome kwa makini, halafu tuzungumze.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Shikamoo mara tatu. Natumaini u mzima na pampu inafanya kazi.

Barua yako nimeipigia pasi isichakae. Sijawahi kukutana na mtu mwovu mzuri namna hiyo! Jana nilichukua funguo za duka, nikajifunga shuka la mteja kama joho, nikaanza kupaka bawaba za mlango mafuta ya cherehani. Bosi akatokea.

"Wewe, mlango wangu umekukosea nini?"

"Bosi, nawafungulia adui."

"Wafungulie wateja kwanza, wako kwenye jua kali."

Kweli walikuwepo, wawili. Mmoja akapiga makofi.

Darasani nako nimewamaliza. Kuna mama mmoja, mpishi wa hospitali, tunamwita Mama Pacha, kila siku analala kuanzia salamu hadi kengele. Niliposema lile neno la "nawe pita" akainuka kabisa. "Ina maana hakuna aliyemkaribisha hata siku moja? Hata mabaki? Basi na mimi ningefungua!" Mwalimu akaniangalia juu ya miwani. "Hayo umeyatoa ukurasa gani?" Nikamjibu, "Mwalimu, mambo mengine hayana namba ya ukurasa." Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka, lakini yeye hata akitekenywa hacheki.

Kitabu unauliza? Nimekisoma mara tatu. Ya kwanza kukielewa, ya pili kukihukumu, ya tatu kutafuta makosa ya wapiga chapa.

Leta mengine. Mama Pacha ameniapisha nisije mikono mitupu.

Mpwa wako,
Msumbufu wa Malango


10 Aprili

Mpwa,

Marahaba zote tatu. Mimi mzima, na tangu barua yako nimekuwa mzima kupita kiasi. Nimemwomba binti yangu anitolee joho sandukuni. Amelipiga pasi yeye, na ukiiona kola yake utalia. Laiti ungekuwa karibu.

Watoto wa jirani walikuwa wanadhani nilizaliwa bubu. Nimewachezea lango lote bila neno, kwa mikono tu, kwenye mlango wa jikoni. Nilipofika kwenye kufuta ufunguo, mdogo wao alimshika dada yake nguo. Sasa wanakuja kila wakitoka shule. Nagonga kijiko mara moja, wanaingia.

Mweleze Mama Pacha hivi: wakati adui wanapita langoni, mimi sikuwatazama wao. Nilitazama taa za ukumbi wa mfalme, kama mtu anayesikia harufu ya chakula cha jirani. Baada ya hapo nilikuwa narudisha ufunguo msumarini, mahali pake, kwa sababu ni mtu wa kazi na kazi imekwisha.

Kwa kuwa umekisoma mara tatu, umeshaona wapi ni kitabu na wapi ni mjomba wako ameongeza chumvi. Katika mtihani utatenganisha mwenyewe, sina haja ya kukushika mkono. Najivunia wewe kuliko kile kiatu.

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na joho lako? Mimi sijambo, ila mkono umevimba kwa kuandika ukweli.

Mtihani umekwisha, na mtihani ndio uliotoka unachechemea. Swali la tatu, sikiliza: "Mtunza Funguo ni mwovu asiye na sababu. Jadili, ukitoa mifano kutoka katika tamthilia." Nilitaka kumkumbatia msimamizi! Nimemwaga kila kitu. Mafuta ya bawaba. Pindo la joho. Ufunguo kurudi msumarini. Na lile neno lako nimeliweka katikati kabisa, ndani ya alama za kunukuu, likang'aa kama kifungo cha dhahabu. Nikaomba karatasi ya ziada. Kijana wa pembeni yangu alikuwa anatafuna kalamu, nikamwonea huruma.

Chuo cha umeme waanze kunitandikia kitanda.

Mpwa wako,
Fundi Mtarajiwa


20 Juni

Mpwa,

Nisamehe kwa kukosa salamu. Umeliandika lile neno kwa alama za kunukuu? Na mafuta?

Yale ni yangu. Yote. Kitabuni anasema "Lango li wazi," anaondoka. Bawaba hazimo, pindo halimo, msumari haumo. Nilivitia mimi, kimoja kimoja, kwa miaka, kiongozi wa kundi akaviacha kwa kuwa watu walivipenda. Nilidhani uliviona. Ulisema mara tatu.

Niandikie upesi uniambie ulikuwa unanitania.

Mjomba wako


1 Septemba

Mpwa wangu,

U mzima? Natumaini kazi inaendelea na afya ni njema. Nilikuandikia tena Julai, na tena Agosti. Hukujibu, na sikulaumu. Mama yako ameniarifu. Fasihi imekuangusha, na kitanda cha chuo amepewa mwingine.

Nimekaa na jambo hili na nimeliona lilivyo. Mzee alitamani makofi mara moja zaidi. Hana sauti, akatumia ya kwako, na wewe ndiye uliyelipa. Nimekufelisha, mpwa. Mwanafunzi aliuliza kitabu kinasema nini, nami nikamjibu mimi nasemaje.

Jumamosi binti yangu atalikata joho, litafaa kwa matambara. Watoto wa jirani nimeacha kuwagongea kijiko. Habari za jukwaa sitaandika tena, kwako wala kwa mwingine. Kama utapenda, tuandikiane habari za hali ya hewa.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako


4 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mkasi uwekwe chini! Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwambia isipofika kabla ya Jumamosi mashati yake yote nitayatoboa kwa pasi. Kwa hiyo kama unaisoma na joho bado ni joho, mpe maji ya kunywa.

Hujambo lakini? Mimi mzima. Bado ni kijana mzuri wa sura, hilo mtihani haukuweza kuligusa. Nimejiandikisha kurudia, na chuo wanasema mwakani mlango bado upo. Bosi amefurahi nimebaki, ananificha lakini namwona anapiga mluzi.

Nilimweleza mwalimu nilichoandika. Akavua miwani, akaifuta, akasema: "Umelijibu vizuri sana swali la tamthilia ambayo haijaandikwa." Halafu, sikiliza, akauliza kama mjomba wangu angeweza kuandika kidogo jinsi alivyokuwa anaingia na kupaka zile bawaba mafuta, ili yeye mwalimu awasomee wanafunzi. Mwalimu! Yule asiyetekenyeka! Mama Pacha naye kila jioni ananidaka mlangoni: "Mjomba amesemaje?" Nimemdanganya mara mbili kwamba posta imechelewa. Ya tatu atanipiga mwiko.

Kwa hiyo wagongee wale watoto kijiko. Waambie wapite. Wewe kati ya watu wote usifunge mlango ukabaki upande wa nje.

Sikujibu barua zako kwa sababu kila nikishika kalamu ilikuwa inataka kuandika jambo moja tu, na mimi silitaki. Wewe unasema umenifelisha. Mjomba, wewe mwongozaji mzuri, mchezaji mzuri, lakini hiyo sehemu si yako, nirudishie.

Jumapili nilikaa juu ya rundo la mashuka yanayosubiri kufuliwa, nikakisoma kitabu kuanzia jalada hadi jalada. Mtunza Funguo wao ni mkavu kama biskuti ya juzi. Anasema maneno yake matatu, anaondoka. Wa kwako angemtuma maji. Na kila mahali ulipoongeza wewe ningepaona hata nikiwa nasinzia, kama kiraka chekundu kwenye shati jeupe. Uliniambia nitenganishe. Mtu yeyote aliyekisoma angetenganisha.

Zile mara tatu hazikuwepo, mjomba. Jumapili ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mpwa wako