Malkia Ndani ya Tenga la Kuku

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Maji, makopo, mchanga mpya. Nimemaliza kabla ya kengele ya kambi. Shaba, nyoka wangu wa rangi ya shaba, alimeza panya wake jana, leo amelala chini ya kipande cha gunia, hana habari na mtu. Ukukwi, yule nyoka wa kijani, hataki chura. Amenuna tangu Ijumaa. Shauri yake.

Malkia ndiye wa kutazamwa. Macho yameingia ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ngozi imefifia. Siku kumi au zaidi kidogo, atajivua gamba. Mtu anayeshangaa kwa nini chatu nimemwita Malkia aje siku hiyo. Ukimgeuza juani anatoa zambarau, kijani na bluu juu ya ngozi moja, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi.

Mwaka wa kumi na moja huu nashika funguo za stoo ya shamba hili la mkonge hapa Rudewa. Mzungu kaondoka, serikali imechukua, wasimamizi wamebadilika mpaka nimewasahau majina. Gunia langu hata moja halijatobolewa na panya. Watu wanamshukuru Mungu. Vizuri. Wamshukuru na Shaba.

Marehemu baba alikuwa Myeye, mmoja wa wale wanaocheza na nyoka kule kwetu Unyamwezi. Alinifundisha jambo moja kuliko yote: mkono usitetemeke. Wangu hautetemeki. Naandika mwenyewe, maana sioni wa kuniandikia.

Jumatano, 7 Agosti

Mzee Mkude kapita. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Mwaka jana alimkamata jogoo wangu mchana kweupe, akamla, akaniletea manyoya kwenye sahani. Huwezi kukasirika. Alichotwaa mtani humnyang'anyi. Unakikomboa kwa kitu kingine, au unanyamaza. Mimi nilichukua kofia yake ya Idi nikaivaa stoo wiki nzima. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kwa adabu, kofia ikiwa kichwani mwangu.

Nyoka tu ndio hana utani nao. Huishia nje ya mlango, miguu imeelekea barabarani.

Leo kaleta habari. Kambi inafungwa. Jumamosi ya wiki ijayo linakuja lori, tunahamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mikumi. Kila kaya na kiwanja chake.

Nimefurahi, sisemi uongo. Miaka yote hii nalala chumba cha kambi, ukuta mmoja na jirani, kikohozi chake changu. Nitapanda mahindi yangu. Makreti ya nyoka nitayapanga upande wa mashariki yapate jua la asubuhi.

Alhamisi, 8 Agosti

Mkutano uwanjani. Mzee Mkude alisoma orodha ya vitu vya kupakia. Vyombo, majembe, mbegu, kuku, mbuzi. Mama Tausi, jirani yangu wa ukuta mmoja, akasimama na mtoto mgongoni. Akauliza na nyoka wa Bi. Nyamizi je.

Watu wakageukiana. Kisha kelele. Wale wale wanaokuja Jumapili na wageni wao kutoka Mamboya, wanajipanga dirishani kutazama bure, leo wote wana watoto wadogo na wazee wagonjwa wa moyo. Wakapiga kura kwa mikono: nyoka wasipande lori. Mkono wangu ulikuwa peke yake.

Jioni Mzee Mkude akaja. Safari hii hakucheka. Alisimama pale pale mlangoni.

"Mama, mtani ni mtani, lakini leo sikutanii. Waue. Jumamosi ya lori, alfajiri, nitapita na fimbo. Nikiwakuta, nitawaua mwenyewe."

Nimekasirika mpaka ugali umenishinda. Mtoto wa Mama Tausi namwelewa. Mama Tausi namwelewa. Lakini kuniambia niwaue kwa mkono huu huu ninaowalisha nao, hapana. Ukukwi na Shaba hawana sumu ya kumdhuru mtu. Malkia hana sumu kabisa.

Jumapili, 11 Agosti

Hakuna aliyekuja dirishani. Wanaona aibu. Na waone.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemfuata Mzee Mkude kwake. Nikasalimu, nikaketi, nikaomba. Mimi siombi ovyo, anajua. Nilisema tuwapakie wakiwa wamefungwa, tukifika Mikumi lori lisimame, niwaachie porini, nipande tena. Akakataa. Lori ni la watu na vyombo. Nyoka akitoka, watu wataruka lori likiwa kwenye mwendo, mtu atavunjika shingo, na yeye ndiye balozi.

Si neno la mjinga. Ndiyo maana limeniuma.

Jumatano, 14 Agosti

Macho ya Malkia yametakata. Maana yake gamba linakaribia. Ana hasira, hagusiki.

Nilimtoa Ukukwi nikamweka kwenye mti nyuma ya stoo, nikamwambia nenda. Wa kijani kwenye majani ya kijani, hata mimi sikumwona tena. Nikarudi ndani macho makavu. Baada ya saa moja nimemkuta juu ya kizingiti changu. Nimelia. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 16 Agosti

Uamuzi. Siui nyoka hata mmoja. Lori liondoke bila mimi. Nitatembea kwa miguu na nyoka wangu mpaka pori la Mikumi, siku mbili au tatu, niwaachie huko, kisha nitafute hicho kijiji. Wakinikuta nimechelewa na kiwanja wamempa mwingine, wampe. Kiwanja nakitaka sana. Lakini baba yangu angeniuliza nyoka wako wapi, ningemjibu nini?

Makreti nimeyavunja, nimempa Mama Tausi kuni. Hakuuliza. Shaba nimemtia kwenye foronya, Ukukwi kwenye foronya nyingine, nimefunga kwa kamba ya mkonge. Malkia kwenye gunia lililofumuka fumuka ili apumue. Wote watatu ndani ya tenga la kuku, majani juu, mfuniko nimeushona. Nitatoka na tenga hilo alfajiri, kabla ya fimbo. Kuku wenyewe wamo kwenye tenga lingine. Hilo Mama Tausi atanipakilia.

Jumamosi, 17 Agosti

Mkono ulitetemeka leo. Sasa umetulia, naweza kuandika.

Alfajiri msimamizi aliniita stoo kukabidhi funguo. Nilidhani ni dakika tano. Alikagua gunia moja moja, akitafuta tundu. Hakulipata. Aliniambia hajawahi kupokea stoo kama hii. Siku nyingine ningebaki nimsikilize aseme tena. Nilitoka mbio.

Matenga yangu mawili nilikuwa nimeyaacha mlangoni. Nikakuta moja, la kuku.

Mama Tausi akanieleza huku anacheka. Mzee Mkude kapita na fimbo yake. Akachungulia, akakuta chumba kitupu, hakuna makreti, akajua nimetii. Akatupa fimbo. Akasema sasa moyo wake mweupe, utani urudi. Akaona matenga mawili ya kuku. Akanyakua moja mbele ya kambi nzima, akatangaza kwamba kuku huyu wa Kinyamwezi ataliwa kijijini na Waluguru wote, akalipandisha kwenye lori.

Nilimwona kule juu. Tenga kalipakata.

Ningeweza kusema. Watu thelathini wangenisikia, na nyoka wangu wangekufa hapo hapo kwenye vumbi la kambi. Na kwa mila, sikuwa na haki ya kumpokonya. Nikapanda lori. Nikakaa mkabala naye. Sikusema. Sioni aibu, ila niliogopa kila shimo la barabarani, kwa ajili ya nyoka na kwa ajili ya mtoto wa Mama Tausi. Sikuliondolea jicho tenga lile njia nzima.

Tukapita Kilosa. Jua likapanda. Mzee Mkude akavua koti lake akalifunika tenga, kuku wake asife kwa joto. Akaniuliza mbona nimenuna, jogoo mmoja tu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine: ndani ya tenga, mkwaruzo. Taratibu, unaacha, unaanza tena. Malkia anajisugua kwenye gunia. Anajivua.

Mikumi nilitaka kusimamisha lori. Lori likapita.

Kijiji ni nguzo na kamba kwa sasa, na ghala moja lililokwisha kuezekwa. Tulishuka. Mzee Mkude akaliweka tenga katikati, kila mtu aone. Nikamwita nimwambie asubiri. Akadhani nataka kukomboa. Akakata uzi kwa kisu, akafunua.

Gunia lilikuwa limetanuka. Malkia akatoka kwenye tundu lake, gamba la zamani limebaki nyuma lote, zima, halikukatika hata mkiani. Jua la saa saba. Nimemfuga miaka minne na sijamwona hivyo. Zambarau ilikimbia kutoka shingoni mpaka katikati ya mgongo, ikageuka kijani, ikageuka bluu. Watu walikimbia, lakini wakakimbia wakitazama nyuma. Mama Tausi alisimama kabisa, mtoto mgongoni ananyoosha kidole.

Mzee Mkude alikuwa chini, amekaa kwa makalio, kisu mkononi.

Mwanamume mmoja akainua jembe. Nikaenda nikasimama kati yake na Malkia. Hapo ndipo mkono ulipotetemeka. Lakini nilisema, na nilisema kwa sauti:

"Mzee Mkude, ulichotwaa kwa utani ni chako. Nikukomboe, au unakula?"

Mtu mmoja akacheka. Sijui nani. Kisha wakacheka wote, hata dereva. Mzee hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama Malkia, akatazama koti lake alilomfunikia njia nzima. Nilijua anapima. Akisema nimemdanganya, kila Mluguru atasikia kwamba alishindwa kumudu utani. Akinyamaza, jembe litashuka.

Akanyoosha mkono kumzuia yule mwenye jembe.

"Mtu asiguse mali yangu," alisema.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano mwingine, chini ya jua, saa mbili nzima. Mzee Mkude alinigombeza mbele ya wote kwa kunyamaza ndani ya lori. Alikuwa na haki. Niliomba radhi, na hasa kwa Mama Tausi. Nilimaanisha.

Halafu akageuka akawatetea nyoka. Alisema nyoka ni wake, mimi mlishaji tu. Akauliza nani yuko tayari kulala na panya kwenye ghala la mbegu. Ghala lile usiku mmoja tu lilikuwa limeshatobolewa magunia mawili. Wakapiga kura. Makreti mapya, yenye kufuli. Shaba anaingia ghalani jioni na kutoka asubuhi, nikiwapo mimi. Malkia akizidi urefu wa mtu, nampeleka pori la Mikumi mwenyewe.

Mikono niliihesabu mara mbili. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Mama Tausi.

Funguo za ghala wamenipa mimi. Ni kama walikuwa na mwingine wa kumpa!

Jumatano, 28 Agosti

Mahali pa kiwanja changu pana mteremko kidogo, pazuri. Nimepanda matembele. Kuku wametaga. Shaba amenenepa.

Gamba la Malkia nimelitundika ukutani, juu ya kitanda. Watoto wanaomba kuligusa. Lile la ukutani ni jeupe tu, halina rangi yoyote. Rangi zote kaondoka nazo mwenyewe.

Mzee Mkude huja kila siku baada ya alasiri. Amekataa nikomboe. Nilimpa jogoo, akamrudisha. Husema amekuja kumwona kuku wake. Wiki ya kwanza alikaa nje. Juzi akaingia hatua moja. Leo akavuta kigoda mpaka kwenye kreti, akaninyooshea mkono, kiganja juu.

Nikamtoa Malkia nikakilaza kichwa chake kwenye kiganja kile. Mkono wa mzee ulitetemeka. Nikauweka wangu chini yake, ukatulia.